Wifi, Wageni Wako Wamefika

Collerovo, 9 Juni 1988

Wifi Loredana,

Salamu utazipata kwa mama yako, akijisikia kukupa. Mimi leo sina.

Wageni wako wamefika. Ninakuandikia kwa sababu simu iko jikoni, na jikoni anakaa mama. Macho yamemfifia, lakini masikio yake yanasikia hata sufuria ya jirani ikichemka. Ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie.

Nyumba ya watu haigeuzwi hoteli kimyakimya. Ulikuja Pasaka, ukala mwanakondoo niliyempika mimi, ukapita vyumbani ukipima vitanda kwa macho, ukanong'ona na mama kando ya tanuri, kisha huyo, ukarudi Bologna. Nilidhani mnanisengenya tu kama kawaida. Kumbe mlikuwa mnapanga. Habari nimezipata kwa Otello wa posta! "Ersilia, nasikia mnapokea Wajerumani." Nikacheka. Nikamwambia Wajerumani walishapita hapa wakati wa vita na walikula kila kitu, hawana kilichobaki cha kurudia.

Basi wamerudi. Ni mtu na mkewe, Volkmar na Annegret, kutoka mji unaoitwa Kassel. Mume ni daktari wa meno, mke anafundisha piano. Sisemi ni watu wabaya. Wanasalimia hata kuku. Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe, lakini hawa wa kwako wanalipa ili wapewe jembe. Wamevuna nasi maharage mapana, wakayala mabichi palepale shambani kwa jibini la kondoo, wamesimama, na yule mume amefumba macho kama mtu anayepokea komunyo. Sungura wangu wa shamari mwitu alimla mpaka akafyonza mifupa. Akaniuliza hiyo shamari tunainunua wapi. Nikamwonyesha ukingo wa barabara. Alisimama pale akitikisa kichwa, eti chakula kinajiotea njiani na hakuna anayekigombania. Aliyewaudhi ni jogoo peke yake. Wanataka maisha ya shamba, ila yaanze wakishaamka.

Hayo yote ningeyameza. Sasa sikia la jana.

Unakijua kibao cha mama cha kusukumia unga. Tangu niingie nyumba hii na shela yangu kichwani, kibao kile sijakigusa ila kwa kukifuta. "Mikono yako ina joto, Ersilia, utaniharibia unga." Sawa. Mimi nimechinja, nimenyonyoa, nimekata maini na firigisi, nimekesha na mchuzi. Vincisgrassi, chakula chetu cha sikukuu, ikifika mezani, watu husifu tabaka za unga, nyembamba kama kitambaa cha altare, na sifa zinakwenda kwa mama. Mchuzi ulio katikati ya hizo tabaka hauna mwenyewe.

Jana alimwita daktari wa meno. Alimfunga aproni, na aproni ni yangu. Akasimama nyuma yake, akamshika mikono, akamwambia, "Hivi, mwanangu. Polepole. Una mikono mizuri wewe."

Mwanangu! Mtu anayeng'oa magego ya watu huko Kassel! Unga ukatoboka, tundu la kupita paka, na mama akacheka. Umenisikia, Loredana? Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu tulipomzika Duilio. Na mimi, mke wa Duilio, nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kuku anayechuruzika damu, hakuna aliyeniambia hata karibu.

Sitaki wageni wengine. Waambie hivyo ofisini kwako, huko mnakouza safari.

Ersilia


Bologna, 17 Juni 1988

Kwako wifi Ersilia,

Barua yako imefika. Ingekuwa na meno ingeniuma.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia ungesemaje? Nilisema tukodishe shamba la juu, ukasema hapana. Nilisema mama aje kwangu wakati wa baridi, hapana. Nilileta televisheni, ukaifunika kitambaa kama maiti. Tangu kaka afe mmekaa humo ndani kama sanamu mbili za kanisani, kila mmoja anatazama ukuta wake. Krismasi mama alinipigia simu akaniambia, "Loredana, kuna siku sisikii sauti ya mtu mpaka Otello apite na barua." Na wewe ulikuwa chumba cha pili! Nilikaa ngazini nikalia kama mtoto, mpaka mwenye nyumba wangu akatoka kuuliza nani kafa.

Sasa kacheka, na wewe umekasirika. Ni mwanamke gani hukasirika bibi kizee akicheka?

Na hicho kibao usinililie. Mimi nimetoka tumboni mwake na sijakigusa vilevile. Wewe mikono yako ina joto, yangu alisema ina haraka. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilitafuta mkate mahali pengine, wewe ulibaki ukihesabu makombo.

Jingine sikutaka kulisema, umenilazimisha. Nyumba ni ya mama. Wewe uliolewa pale, hukuachiwa.

Wageni wataendelea kuja. Julai kuna familia kutoka Milano, watu wazuri. Na sikukuu ya katikati ya Agosti ninakuja mwenyewe na bosi wangu, Bwana Tarcisio, pamoja na wenzangu wa ofisini. Wakipapenda, tutapeleka watu kila mwaka. Wanataka meza ndefu uani, vincisgrassi, bata wa tanuri, divai yetu. Wewe jitahidi kutabasamu. Mtu haendi likizo kutazama matanga.

Wifi yako,
Loredana


Kassel, 2 Julai 1988

Mpendwa wetu Mama Zelinda,

Utuwie radhi kwa makosa ya lugha. Ninaandika na kamusi magotini.

Tumerudi nyumbani lakini nguo zetu bado zinanuka moshi wa tanuri lako, na nimekataa kuzifua. Jumapili Volkmar alisukuma unga kama ulivyomfundisha. Ukatoka mnene kama soli za viatu. Tuliula wote, na jirani yetu tukampa, na tukamwambia habari za Collerovo mpaka akachoka. Tulimweleza yule mzee wa sokoni aliyetukatia nguruwe wa kuchoma na kutulisha vipande kwa ncha ya kisu, akitupigia kelele kwamba tule mafuta pia. Tulimweleza tini za kwanza ulizotuletea kitandani, zikiwa na joto la jua, na ile jioni ambayo majirani zako walileta viti vyao wenyewe na kuimba, ingawa hatukuelewa neno. Huku kwetu watu wanakula wakitazama saa. Kwako tulikula tukitazamana.

Tunawaambia marafiki wote kwamba katika nyumba yako mtu hawezi kujisikia mpweke.

Tafadhali msalimie msaidizi wako, yule mwanamke mkimya anayepika michuzi. Volkmar anasema sungura wake hatamsahau mpaka kufa. Tulitaka kumwachia zawadi tukaona haya, maana hatukuwahi kuambiwa jina lake. Na kwa vile ulituambia huna mtoto mwingine ila binti wa Bologna, tunakuomba utuhesabu sisi kuwa wanao wa Kassel.

Wako kwa upendo,
Annegret na Volkmar


Collerovo, 11 Julai 1988

Loredana,

Ninaweka barua ya Wajerumani ndani ya bahasha hii. Isome ukiwa umekaa.

Niliisoma mimi kwa sauti. Otello aliileta wakati wa chakula cha mchana, watu wako wa Milano wako mezani wanakula tikiti na paja la nguruwe lililokaushwa. Mama akasema, "Soma, Ersilia, soma kwa nguvu, wasikie tunavyosifiwa." Nikasoma. Nikasoma soli za viatu, wakacheka. Nikasoma tini, mama akajiweka sawa kitini kama bibi harusi. Nikafika kwenye "msaidizi wako".

Nikaishusha barua.

"Endelea," mama akasema.

"Msaidizi ni nani?"

"Endelea, chakula kinapoa."

"Ni tikiti, Mama. Tikiti halipoi. Msaidizi ni nani?"

Yule mama wa Milano akaanza kuhesabu mbegu kwenye sahani yake. Nikasoma yaliyobaki. Nilisoma neno moja moja, kama shule: huna, mtoto, mwingine. Kisha nikaikunja barua nikaiweka mbele yake, juu ya mkate.

"Duilio umemweka wapi, Mama?"

Alikuwa anakusanya makombo kwa kiganja, anayasogeza upande huu, anayarudisha upande ule. Nikamuuliza tena. Akanyanyuka akasema, "Wageni wanataka matunda."

Basi, wifi, kuna kitu kilikatika. Miaka yote hiyo, akisema matunda ninaleta matunda, akisema kuni ninaleta kuni. Nilimwambia, "Matunda yako mtini." Nikavua aproni nikamtupia yule baba wa Milano. Maskini, alidhani somo linaanza, akaifunga.

Uliniambia sikuachiwa nyumba. Kweli. Lakini sikujua kwamba hata mume sikuwa naye. Kwa watu wanaokula mkononi mwangu, mimi ni kijakazi asiye na jina na yeye hakuzaliwa. Mnamfuta mtu ili wageni washibe vizuri?

Niko kwa kaka yangu Quinto, pwani. Mpishi wake amekwenda kujifungua, na jiko la mkahawa wake halina mtu. Hapa nikipika, watu wanauliza nani kapika, na Quinto anajibu, "Dada yangu Ersilia." Sikujua neno dogo hivyo linaweza kumshibisha mtu.

Sikukuu yako ya Agosti usinihesabu.

Ersilia


Bologna, 19 Julai 1988

Wifi,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena.

Naapa kwa kaburi la kaka kwamba mimi sikuwaambia hayo. Niliwaambia watakaa na mama na mke wa marehemu kaka yangu. Nilitaja na jina lako, sijui kama walielewa. Mama alichokisema baadaye, muulize mama.

Lakini umechagua wakati wa kuondoka, wewe! Bosi wangu amekwisha kununua kofia ya shambani. Nitamwambia nini? Rudi kwa siku moja tu, ukasirike jikoni, mlango umefungwa, halafu uende zako. Ninakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Loredana


Collerovo, 1 Agosti 1988

Ersilia,

Anayeandika ni Otello. Maneno ni yangu.

Watu wa Milano waliondoka kabla ya siku zao. Walisema wamechoka kula mayai. Mayai yana kosa gani? Sungura wamezaana mpaka wanakanyagana, maana hakuna wa kuwachinja. Kuku mweusi ameacha kutaga. Nadhani ni kwa ajili yako, naye ni mjinga.

Sikuiti. Ninakujulisha tu. Mwenye nyumba haombi. Kwetu mke hatoki nyumba ya mumewe kwa miguu yake, labda abebwe.

Unanilaumu kwamba sikukutaja. Ningekutajaje? Ningesema, "Huyu ni mke wa mwanangu," mgeni angeuliza, "Na mwanao yuko wapi?" Haya, jibu wewe. Jibu mbele ya watu waliojaza chakula mdomoni, wanaokutazama wakisubiri hadithi nzuri ya shambani. Mimi siwezi. Nikilitoa hilo jina mdomoni sijui kama nitaweza kuufunga tena.

Na wewe usijifanye huelewi kwa nini siwezi kulisema ukiwa umesimama pale. Unajua vizuri asubuhi ile nani alimwambia aende.

Zelinda

Mimi Otello nimeandika kama alivyosema, isipokuwa matusi mawili ambayo nimeyaacha kwa heshima ya posta. Kuku mweusi kweli hatagi.


Pwani, 4 Agosti 1988

Mama,

Najua nani alimwambia aende. Ni wewe.

Otello, msomee polepole. Usiache neno.

Ersilia


Bologna, 18 Agosti 1988

Ersilia,

Ninaandika nikiwa na hasira na watu wawili, na wewe ni mmoja wao, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mama alikataa kuahirisha. "Nimelisha wavunaji kabla hujazaliwa," akaniambia, "nitashindwa na makarani?" Akasukuma unga mwenyewe. Mimi nikashika mchuzi. Nilifuata kila kitu ninachokumbuka kutoka mikononi mwako na maini yakaungua, nikaongeza divai, yakawa maini yaliyoungua ndani ya divai. Na tabaka za mama, wifi, zilikuwa nene. Hazikuwa sawa hata mbili. Nikamtazama, nikaona mikono inamtetemeka, na nikajiuliza imeanza lini kutetemeka, na kwa nini sijui.

Meza tuliiweka uani kama nilivyoahidi. Kitambaa cheupe, mikate, zeituni, soseji laini ya kupaka. Mpaka hapo watu walikuwa peponi. Bwana Tarcisio alivua viatu akaweka miguu kwenye nyasi, akasema maisha ndiyo haya, sisi wa mjini tumepotea. Ikaja vincisgrassi. Akatafuna. Akatafuna sana. Kisha, kwa wema wake wote, akasema, "Mama, na yule msaidizi wako ambaye Wajerumani wanamsifu, leo kapumzika?"

Mama alisimama. Alikuwa na kijiko kikubwa mkononi, akakipiga mezani mpaka glasi zikaruka.

"Sina msaidizi," akasema. "Yule ni mke wa mwanangu. Mwanangu anaitwa Duilio. Alikufa pale juu, unapaona? Pale ulipopiga picha asubuhi ukasema pazuri. Trekta ilimlalia pale. Na mkewe amenipikia siku zote tangu hapo, na mimi sijamwita kwa jina mbele ya mtu."

Bwana Tarcisio, mikono yake ikitafuta viatu chini ya meza, akasema, "Pole sana, Mama. Lakini chakula ni kitamu."

"Mwongo. Ni kibaya. Inukeni wote, nendeni mkale kwa mtu anayejua kupika."

Aliwafukuza, Ersilia! Bosi wangu, na kofia yake! Na mimi ndiye ninayekaa naye ofisi moja. Tangu Jumanne ananisalimia kama mtu aliyefiwa.

Lakini hasira yangu kubwa si hiyo. Walipoondoka nilimkuta Otello jikoni. Mama alikuwa amemwomba amsomee tena barua yako ya mistari miwili, na si mara ya kwanza. Nikaisikia. Nani alimwambia aende? Wewe? Yeye? Mimi niliambiwa alitoka asubuhi kwenda kufanya kazi na ajali ikatokea. Basi. Nilivaa nyeusi, nikapokea rambirambi, nikarudi Bologna. Kumbe mna kesi yenu humo ndani tangu siku ya mazishi, na hakuna aliyeniita hata kusikiliza!

Alikuwa kaka yangu. Nilimfundisha kuendesha baiskeli kwenye kile kilima. Nyinyi wawili mmekikalia kifo chake kama urithi, huyu kashika huku, huyu kashika kule, na mimi mmeniachia nikilipie maua.

Nataka kujua. Mmoja wenu aniambie.

Loredana


Pwani, 6 Septemba 1988

Wifi Loredana,

Umesema kweli na sina pa kujificha. Ulistahili kuambiwa. Sasa nitakuambia yote, hata ambayo mimi mwenyewe nimeyajua juzi tu.

Mama alikuja. Alikuja huku, pwani, mwanamke ambaye tangu nimjue hajavuka daraja la chini. Otello alimpakia kwenye gari la posta, wamekalia vifurushi. Ilikuwa mchana, mkahawa umejaa watu wa Torino wenye ngozi nyekundu. Quinto aliingia jikoni amepauka. "Dada, mama mkwe wako amekaa meza ya dirishani. Anasema yeye ni mteja."

"Anataka nini?"

"Anasema chochote, ila kisiwe samaki."

"Mpelekee supu ya samaki."

Ndiyo, ilikuwa shari. Nilichungulia mlangoni. Aliinamia bakuli akalinusa kama paka, akanyanyua mwiba akauweka pembeni, akanyanyua mwingine. Akala. Akala yote, akachovya mkate, akafuta bakuli. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, "Mwiteni mpishi!"

Nikatoka. Nilisimama mbele yake, mikono ina magamba ya samaki.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Umekuja mbali kote huko kuniambia chumvi?"

"Nimekuja kusikia kwa masikio yangu ulichomwandikia Otello anisomee. Sema tena, hapa, ninakutazama."

"Wewe ndiye uliyemtuma Duilio, Mama. Mvua imenyesha usiku kucha, kilima kinateleza kama sabuni, na wewe ukamwambia nyasi zitaoza."

"Nyasi zitaoza nilisema! Aende asiende sikusema! Nilimwambia, 'Kamuulize mkeo.' Ni wewe uliyemruhusu!"

"Mimi? Mimi nilimwambia amuulize mama yake! Tulikuwa tumegombana, wewe na mimi, sikutaka kusema neno halafu unisute. Nikamwambia, 'Mimi sina kauli nyumba hii, kamuulize mama yako.'"

Tulikuwa tunapiga kelele, Loredana. Sijawahi kumpigia mama kelele maishani mwangu. Quinto alikuwa ameushikilia mlango. Watu wa Torino wamesimamisha uma hewani, na mmoja akatoa kamera akatupiga picha. Si walitaka maisha halisi ya wenyeji? Hayo hapo, bila nyongeza ya bei.

"Alirudi kwangu," mama akasema, "akachukua ufunguo wa trekta ukutani akaniambia, 'Ersilia kasema niende.'"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Mama. Kwangu alipita akiwa na ufunguo mkononi. Akanibusu hapa. Akasema, 'Mama kasema niende.'"

Tukatazamana. Nilimwona anaelewa, polepole, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Nikajua sasa atalia, nikaandaa mkono wa kumshika.

Hakulia. Alipiga meza kwa ngumi.

"Mwongo!" akasema. "Mwongo tangu mdogo! Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa akifanya! Akitaka kwenda mtoni anamwambia baba yake mimi nimemruhusu, na mimi ananiambia baba yake! Nilimchapa kwa hilo, hakukoma!"

"Na pikipiki," nikasema mimi. "Aliniambia wewe ndiye uliyetaka ainunue."

"Mimi? Pikipiki? Mimi nilikesha nikisali iibiwe!"

Basi tukaanza. Kaa chini, wifi, maana ukisikia utadhani tumerukwa na akili. Tulimtukana marehemu. Mama alimtukana kwanza, kwa yale matusi ambayo Otello hataki kuyaandika, nami nikaongeza ya kwangu. Mjinga, mkaidi, kichwa cha nyumbu. Kwa nini hakusubiri jua? Nyasi ni nyasi! Nani alimwomba awe shujaa wa nyasi? Alituacha wawili katika nyumba kubwa namna ile, kila mmoja anamwona mwenzake muuaji akipita na sufuria, na yeye huko aliko ametulia! Nililia wakati huo, ndiyo. Na yeye. Lakini ilikuwa ni kulia kwa hasira, si kwa huzuni, na nakuambia, Loredana, hakuna chakula kilichowahi kunikaa vizuri kifuani kama hasira ile.

Miaka yote nimemkasirikia mama yako, nimekukasirikia wewe, nimewakasirikia Wajerumani kwa kufurahi mezani pangu. Duilio sikuthubutu. Maiti hakasirikiwi, tunafundishwa hivyo. Kumbe alistahili.

Usidhani tumekuwa malaika. Nilimrudisha nyumbani nikalala huko, na kwenye gari la Otello tuligombana kuhusu supu. Unga bado anausukuma yeye, ingawa mikono inatetemeka, mimi sijaomba na yeye hajanipa. Jana aliniita "wewe" mara nyingi kuliko jina. Lakini asubuhi ya jana hiyohiyo, kabla sijashuka tena huku, alipita fundi wa kisima, kijana mgeni, akamuuliza mama, "Na huyu ni nani?" Mama akasema, "Huyu ni Ersilia, mke wa Duilio, mwanangu aliyekufa kwa ukaidi." Fundi akaenda kutazama pampu.

Ninaandika haya pwani kwa sababu nimemwahidi Quinto kumaliza juma hili mpaka mpishi wake arudi. Jumamosi ninapanda juu. Daktari wa meno wa Kassel mwandikie kwamba mwakani aje, nimelipenda tumbo lake, na safari hii jina langu atalijua. Wengine, hapana, mpaka nitakapouliza mwenyewe. Mwambie Bwana Tarcisio nyumba imejaa. Akiuliza imejaa watu gani, mwambie imejaa watu wawili.

Wewe njoo. Njoo peke yako, kabla hatujavuna zabibu. Hatutakuficha neno, na hutakuwa mtu wa kulipia maua tena. Alikuwa kaka yako na wewe, na bado hujapata zamu yako ya kumtukana.

Wifi yako,
Ersilia